Dawa ya Kiberiti

Mama hakulijua neno salfa. Alijua kiberiti. Miaka ile ya shida, dawa zilipokuwa za kubahatisha, nesi wa zahanati ya kwetu Butiama alimpa vidonge vya kidonda cha mguu, mwili ukamvimba na kutoka malengelenge. Nesi akamkataza salfa maisha yake yote. Mama alipouliza salfa ndiyo nini, akaambiwa jina hilo linatokana na kiberiti, kile cha njano kinachounguza. Akashika hivyo.

Baadaye ikaja ruksa ya biashara huria, maduka ya dawa yakafunguliwa kila kona ya Bunda, ambako nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Mama alikuja kunitembelea, akashikwa na homa. Nikampeleka kwenye duka moja karibu na stendi. Muuzaji alikuwa mtu mzima ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akiuza vitenge. Akatutolea vidonge vitatu vya malaria, vya kumeza mara moja.

"Havina kiberiti?" mama akauliza. "Mimi kinaniunguzaga."

"Bibi, viberiti viko rafu ile pale," muuzaji akasema. "Hapa ni dawa."

Wateja wakacheka. Mimi nami nikacheka, mwalimu mzima, kwa sababu nilimwonea aibu mama yangu mbele za watu. Akavimeza vyote pale pale.

Siku ya pili midomo ikachanika. Ya tatu, ngozi ya mgongo ikaanza kubanduka kama ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Tukakimbilia hospitali Musoma. Daktari akauliza amemeza nini, nikampa karatasi ya vidonge niliyokuwa nimeihifadhi kwenye mkoba. Mbele palikuwa na jina kubwa la biashara, tamu kama jina la mtoto mchanga. Akaigeuza nyuma, akaweka ukucha chini ya maandishi madogo: sulfadoxine.

"Salfa hii hapa," akasema. "Jina lenyewe linaanza nayo."

Kemia nimeisoma hadi kidato cha nne. Salfa nilikuwa naijua, na kiberiti nilikuwa nakijua.

Mama alilazwa wiki tano. Alipoweza kuongea, hakumtaja muuzaji. Aliniambia tu, taratibu, "Nilisikia na wewe unacheka, nikajua basi nimekosea mimi."

Alitoka akiwa hai, jicho la kushoto limefunga ukungu. Siku hiyo hiyo nilirudi Bunda, nikaibamiza ile karatasi juu ya meza ya muuzaji. Akasoma. Kisha akajitetea kwamba bibi angesema salfa, angemwelewa.

"Alikwambia kwa Kiswahili," nikamjibu. "Ukamcheka."

Akaniuliza, bila kupandisha sauti, kwa nini mimi mwalimu sikusema. Nikamtukana tusi ambalo sijawahi kulitamka kabla wala baada ya hapo, wateja wakatoka nje mmoja mmoja. Nilipomaliza kutukana, swali lake lilikuwa bado halijajibiwa.

Nilipeleka malalamiko. Duka likafungwa siku chache, kisha likafunguliwa kwa bango jipya, mtu ni yule yule. Nilipita asubuhi moja nikaona watu wamejipanga. Alikuwa anazikata karatasi za vidonge kwa mkasi, anavitoa vitatu vitatu, na kuvifunga kwenye vipande vya gazeti, na yale maandishi ya nyuma yalibaki sakafuni kwenye takataka.