Kizibo cha Mti

Muzee yule wa Kibati, kambi ya waliokimbia vita, alikuwa akipita meza za sombe, yale majani ya muhogo, na samaki bila kugeuza shingo, akienda moja kwa moja kwenye duka la maziwa la mama Athanasie, hapa kwetu Mabanga. Alichotaka ni mashanza tu, yale maziwa yaliyoganda. Hushika kikombe kwa mikono miwili, kama wanavyofundishwa watoto wa wafugaji kule Masisi, hunusa kwanza, kisha hunywa taratibu mpaka masharubu yawe meupe. Akimaliza hunyoosha kikombe: "Mama, na matabishi yangu?" Naye mama Athanasie, huku akinung'unika, humwongezea kidogo cha bure.

Mwezi uliopita bidoni moja, dumu la maziwa, ilifika kutoka milimani ikiwa na kizibo cha mti. Muzee alikiokota mezani, akapitisha kidole gumba juu ya alama mbili zilizochongwa kwa kisu.

"Hii nilichonga miye," akasema. "Niliiacha ku nyumba, pamoja na ngombe, siku tulikimbia vita."

Mama Athanasie akaweka jagi chini. "Papa, miye naletewa tu. Sijue nani anakamua."

"Basi ziko hai. Ngombe zangu ziko hai."

Akanywa mashanza yake yote. Mama akainua jagi amwongezee bila kuombwa, lakini muzee akafunika kikombe kwa kiganja: "Siwezi kulipa maziwa ya ngombe zangu." Kisha akarudisha kizibo kwenye bidoni na kukikaza vizuri, maziwa yasimwagike. Siku hizi anaketi ng'ambo ya barabara, anakunywa chai, na kila asubuhi anamkumbusha muuzaji asitie maziwa.