Paka Wetu Hana UTI, Sasa Mama Mkwe Anauliza Nani Anayo

Habari zenu wote. Admin, jina langu libaki humo humo kwako, maana Kihonda ni pakubwa ila midomo yetu inafahamiana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa na Mluguru wa Matombo, mtoto bado hatujajaliwa. Tulichojaliwa ni paka dume anaitwa Bosi. Jina alipewa na mume wangu baada ya kuona kila kiti kizuri humu ndani kimekaliwa na yeye.

Bosi alikuwa na chumba chake. Najua mnacheka. Kilikuwa chumba cha mtoto, mtoto akachelewa, Bosi akahamia: karai lake la mchanga wa kujisaidia kona moja, na dirisha la kuangalia kuku wa jirani. Kisha mama mkwe akashuka kutoka Matombo kutibiwa goti. Chumba cha kumpa ni hicho hicho, akapewa, na ni haki yake. Karai likahamia koridoni, mlangoni kwa choo, ambako kila anayepita na ndoo anammwagia Bosi maji. Mama naye akimkuta amechuchumaa anamkemea: "Toka huko! Nyumba haina mtoto, inalea mapaka!" Maneno hayo yalikuwa yanampita paka, yananifikia mimi.

Bosi akaanza kukojoa ovyo. Kwenye mkeka, kwenye beseni la nguo, mwisho kwenye khanga mpya ya mama. Mama akasema huyu paka katumwa. Mimi sijasomea chochote lakini macho ninayo, nikamfuatilia. Anachuchumaa muda mrefu, kinatoka kitone, analia, anajilamba, anahamia pengine anajaribu tena. Anayekukomoa hakojoi huku analia. Siku nilipoona kitone chekundu sakafuni nikampigia daktari wa mifugo, nikiwa uani: "Dokta, nadhani ana UTI. Choo haachi kwenda, yanatoka matone tu, leo yana damu. Mimi ndiye ninayelala naye, nasikia anavyolia."

Mama mkwe alikuwa jikoni anamenya ndizi. Sasa Kiswahili chetu hiki, "ana" ni ya mtu na ni ya paka. Mama akaacha ndizi. Jioni nikamsikia kwenye simu anaongea Kiluguru, nikaambulia vitu viwili tu: jina la mume wangu, na UTI. Na mnajua huku kwetu mwanaume aliyeoa akisemwa ana UTI, watu hawamuulizi yeye. Wanauliza mke kaitoa wapi.

"Mama, ni paka," nikamwambia. "Nilikuwa namsemea Bosi."

Akacheka kicheko cha pembeni. "Paka ana UTI? Mwanangu, mimi mtu mzima. Paka wa Matombo wanakufa kwa mbwa, hawafi kwa UTI."

Nikajipa moyo kwamba daktari ataniokoa. Akaja, kijana mpole, akamtomasa Bosi tumbo, akachukua mkojo, kesho yake akarudi na majibu. Mama akavuta kiti karibu. Dokta akatabasamu: "Dada, habari nzuri. Hana UTI."

Mama akanigeukia taratibu. "Umesikia? Hana. Haya, nani anayo?"

Dokta hakujua ameingia wapi, akaendelea. Mkojo hauna wadudu, ila kibofu kimevimba kwa msongo, hali hii huwapata sana paka wa ndani mambo yakibadilika nyumbani. Apewe mahali patulivu pa kujisaidia, maji ya kutosha, chakula chenye majimaji, na asifukuzwe fukuzwe. Akaonya kwamba siku akikosa hata tone nimkimbize kwake, maana dume akiziba mkojo anakufa. Kisha akauliza, "Kwani humu ndani kimebadilika nini karibuni?"

Mimi nikaangalia ukuta. Mama akaangalia goti lake.

Bosi amepona. Karai nililipeleka stoo nyuma ya magunia ya mkaa, maji nikamwekea sehemu mbili, samaki namchemshia na mchuzi usio na chumvi. Anakojoa vizuri kuliko sisi wote.

Mume wangu mwanzoni alikuwa anacheka. Yeye ndiye anayejua kuliko wote kwamba haumwi. Juzi akarudi kazini amenuna. "Nimepima. Niko safi." Nikamuuliza, mtu huumwi, umekwenda kupima nini? Hakuniangalia. "Mama kanisumbua. Na mjomba anashuka Jumapili. Na wewe nenda kapime, tumalize." Kwa Waluguru, mjomba wa mume hashuki kwa ajili ya chai. Akisema jambo, limesemwa.

Ningekwenda siku ile ile nikawaletea majibu mezani. Ila kuna kitu sijamwambia mtu. Choo chetu na chumba cha mama ni pua na mdomo. Nikienda anakohoa, nikitoka anauliza, "Tena?" Kwa hiyo nimezoea kutokunywa maji, na kubana mpaka atoke kwenda kwa jirani. Sasa mkojo unaniunguza kama pilipili na tumbo la chini linauma. Mwanaume mwingine sijawahi kumjua tangu niolewe, wallahi. Nimesoma kwenye simu kwamba mtu akikaa bila maji na kubana mkojo, hii kitu inaweza kumpata hata mtawa. Lakini mjomba nani atamsomea?

Nikipima nikakutwa nayo, ndoa imekwisha. Nisipopima, nimekimbia. Nikinyamaza, inapanda kwenye figo. Nikitaja chanzo, nimemfukuza mama wa watu na goti lake bovu. Na Jumapili ni keshokutwa. Ndugu zangu, hasa mliokaa na wakwe, nipeni neno: niende kupima au nisiende? Wale wa kuandika "fukuza paka", naomba mpite tu. Yeye majibu yake yameshatoka.