Mlio Mdogo wa Gobole la Kalisti

Gobole la Kalisti lilikuwa la kurithi kwa baba yake, lenye leseni, na watu wa Kilema waliokaa karibu na korongo walilijua kwa mlio. Magobole mengine yalishtua ng'ombe zizini. La Kalisti lilitoa sauti fupi, kavu, ikaishia hapo hapo. Wenzake kwenye kilabu cha mbege walimtania kwamba anawapigia nguruwe hodi. Naye alicheka pamoja nao, akaendelea kunywa.

Mkewe, Mektrida, ndiye aliyejua kwa nini mlio ule ulikuwa mdogo.

Kalisti alilinda mahindi ya majirani ng'ambo ya korongo, kwa ruhusa ya kijiji na ya bwana nyama, afisa wa wanyamapori. Msimu wa mahindi kubeba, nguruwe pori walipanda kutoka vichakani usiku na ngedere walishuka mchana. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwatisha. Malipo yalikuwa debe moja moja la mahindi kutoka kwa kila mwenye shamba, wakati wa mavuno. Lakini baruti hainunuliwi kwa mahindi. Kila mwaka ilipanda bei, na fataki, vile vikofia vya shaba vinavyoiwasha, vilikuwa vinaadimika hata kwenye duka lenye kibali mjini Moshi.

Basi mume na mke wakabana kila palipobanika. Madini ya risasi hawakuyanunua. Kalisti akienda mjini alibeba mkungu wa ndizi kwa mafundi matairi wa Majengo, nao wakamjazia kopo vile vipande vya kubalansi vilivyong'olewa kwenye rimu. Kuyeyusha ilikuwa kazi ya Mektrida. Alizaliwa Mamba, kwenye ukoo wa wahunzi, akakulia karibu na mivukuto, na moto alikuwa akiuelewa kuliko mumewe. Aliwasha mbali na nyumba, akakaa upande ambao upepo unatoka, maana moshi wa risasi si wa kuuvuta. Akamimina kwenye kalibu, tone halikumwagika. Cha kushindilia mtutuni kilikuwa nyuzi za mgomba mkavu, na hizo kihamba, shamba lao la migomba na kahawa, kilizitoa bure.

Ikabaki baruti. Kalisti aliipima kwa kipande cha pembe ya ng'ombe alichokichonga mwenyewe ujanani. Bei ilipopanda, alichukua msumeno akaikata pembe kidogo mdomoni. Bei ilipopanda tena, akakata tena.

"Baba Zita," Mektrida alimwambia siku moja, "utafika mahali utawarushia kwa mkono."

"Nguruwe hajui bei ya baruti," Kalisti alijibu, akipuliza unga wa pembe kwenye kiganja. "Akisikia pu, anakimbia. Ya nini nimpe zaidi?"

Miaka ikaenda, pembe ikafupika, na mlio nao ukafupika. Mektrida aliuzoea kiasi kwamba ulikuwa saa yake ya jioni. Akiusikia toka ng'ambo alijua mzunguko wa kwanza umekwisha na mume anapanda kuja kula. Alimenya ndizi, akainjika machalari, na kabla sufuria haijachemka vizuri alisikia gumboti zikipanguswa kwenye jiwe la mlangoni.

Kifua kilimwanza Kalisti kwenye baridi ya mwezi wa saba. Walidhani ni mafua. Walipompeleka hospitali alikuwa hawezi tena kulala chali, na hakurudi nyumbani akiwa hai. Wakamzika kihambani, karibu na mibuni aliyoipanda baba yake. Mektrida hakulia sana siku ile. Nyumba ilijaa watu, na binti yake, Zita, aliyekuwa na duka la mitumba Pasua, kule Moshi mjini, ndiye aliyehitaji kushikwa.

Matanga yalipokwisha, Mektrida alipanda bodaboda na Jovin, mtoto wa shemeji yake, wakashuka Himo kulikabidhi gobole polisi, kama sheria inavyotaka mwenye leseni akifariki. Askari aliwapa pole, akaandika, akalipokea kwa mikono miwili. Pembe ya kupimia ilikuwa mfukoni mwa Mektrida, chini ya kitenge. Haikuwa sehemu ya bunduki na hakuna aliyeiuliza. Usiku ule aliiweka chini ya mto. Ilikuwa imelainika upande mmoja, pale dole gumba la Kalisti lilipokuwa likikaa.

Zita alipiga simu kila Jumapili baada ya misa.

"Mama, njoo ukae na mimi. Huko unamngoja nani?"

"Nina ng'ombe," Mektrida alisema.

"Ng'ombe anauzwa."

"Huyu hauzwi."

Msimu uliofuata haukuwa na mlinzi. Nguruwe waliingia shamba baada ya shamba, wakaangusha mabua na kula nusu ya kila hindi. Watu walipiga madebe, wakawasha moto, wakachoka. Ukoo ukakaa, wakakubaliana Jovin aombe leseni ili gobole libaki nyumbani. Jovin alikuwa na mke na watoto, mwenye nguvu, aliyepitia mgambo. Maombi yalizunguka ofisi nyingi, lakini mwishowe yakapita, na mahindi ya msimu wa tatu yalipoanza kubeba alisimama mlangoni kwa Mektrida na kopo la vipande vya risasi.

"Shikamoo mama mkubwa. Nimekuja kuomba. Hakuna mwingine hapa anayejua kumimina."

"Marahaba. Keti kwanza unywe chai."

Alifanya kazi ile kwa furaha ambayo hakuwa ameipata tangu msiba. Kesho yake alimkabidhi Jovin risasi mfuko mzima. Hakumkabidhi pembe. Jovin alisema atapimia kifuniko cha chupa.

Jioni ile alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Mlio ulipotoka ng'ambo, panga lilimponyoka. Ulikuwa mlio mkubwa, ukagonga ukuta wa korongo, ukarudi, mbwa wote wa kitongoji wakabweka. Gobole lilikuwa lile lile, na aliyepiga alikuwa mgeni. Mektrida akakaa chini kwenye majani, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi.

Asubuhi alimfuata Jovin kwake.

"Unatia baruti nyingi mno," alimwambia. "Itakuishia kabla mahindi hayajakauka."

"Mama mkubwa, nguruwe wa siku hizi ni wakaidi. Lazima wasikie."

"Baba yako mkubwa aliwafukuza kwa nusu ya hiyo."

"Baba mkubwa walimzoea," Jovin alisema, kwa heshima. "Mimi bado hawanijui."

Njiani kurudi Mektrida alijiuliza kama kweli alikwenda kwa ajili ya baruti, na moyoni alijua hapana. Alitaka mlio ule mdogo urudi, na pembe pia hakutaka kuitoa. Alivitaka vyote viwili, na hilo halikuwezekana.

Kila jioni kishindo kilipiga, naye akaziba masikio kwa kitenge. Kisha, mahindi yakiwa bado mabichi, Jovin akaja tena, safari hii mikono mitupu. Baruti ilikuwa imebaki kidogo chini ya kopo. Alikwenda mjini akakuta imepanda tena, na muuzaji hana uhakika mzigo mwingine utafika lini. Wenye mashamba walikuwa wameanza kunung'unika.

"Ulinionya, sikukusikia," alisema. "Sasa nifanyeje?"

Mektrida aliingia chumbani. Alikaa huko kitambo, hata Jovin akadhani amekasirika. Alipotoka aliifungua ngumi, pembe ikiwa kiganjani.

"Hiki ndicho kipimo chake. Usikijaze hadi kikafurika, kisawazishe kwa kidole. Na ukimaliza kazi uende kwenye ule ukuta wa udongo nyuma ya shamba. Ndiko alikokuwa akilenga akiwatisha, risasi nyingi zimelala mle. Zichimbue, nitaziyeyusha tena."

Jovin aliigeuzageuza. "Ni kafupi hivi?"

"Kalikuwa karefu. Bei ndiyo imekala."

"Mbona hukunipa siku ile ya kwanza?"

"Siku ile nilikuwa bado sijaweza kuitoa," alisema.

Jovin alitazama chini. Akaifunga kwenye leso yake safi, akaaga.

Jioni, Mektrida alikuwa uani akichambua maharage. Mlio ukatoka ng'ambo ya korongo, mfupi, mkavu. Akauacha ungo, akainuka, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi. Alimenya haraka haraka, akakata nyama iliyobaki, akainjika sufuria, akaongeza kuni. Povu lilipopanda ndipo alipoona ndizi ni nyingi, za watu wawili wenye njaa. Alisimama na mwiko mkononi. Akageuza shingo kulitazama jiwe la mlangoni, ingawa alijua.

Hakuziondoa ndizi. Alimpigia simu Jovin.

"Ukimaliza mzunguko upite hapa. Kuna chakula."

Jovin akaja, akala vizuri, akasimulia jinsi nguruwe walivyotawanyika mlio ulipotoka, dume kubwa likiwa la kwanza kukimbia. Kisha akamwona mama yake mkubwa hajagusa sahani.

"Mama mkubwa, kuna kitu?"

"Ule mlio," alisema. "Ulinidanganya kidogo. Nilidhani ni yeye anapanda."

Jovin aliweka kijiko chini. "Nikiongeze tena kile kipimo? Nitakopa baruti kwa mtu. Sitaki uumie kila siku."

"Hapana," Mektrida alisema. "Uache hivyo hivyo. Kuumia kwenyewe nakutaka. Ule mkubwa ulikuwa unaniambia hajawahi kuwapo."

Baruti ile kidogo ilitosha. Mashamba mawili ya mwisho yaliliwa kiasi, mengine yakavunwa salama, na madebe yakakusanywa uani kwa Jovin. Zita alipanda kutoka Pasua kusaidia kupukuchua. Alipoondoka hakuuliza tena habari ya kuuza ng'ombe. Alisema tu kwamba chumba kipo, na mama yake akasema atakwenda mwezi wa baridi, akakae kidogo, arudi.

Kabla ya kwenda alimwita Agness, mke wa Jovin, amfundishe kumimina. Walikaa wawili nje, upande wa upepo, Agness akiogopa moto na akijitahidi asionyeshe. Risasi ya kwanza ilitoka na tundu, ya pili ikatoka na mkia. Mektrida alizirudisha kwenye chungu. Ya tatu ikakaa.

"Mama mkubwa," Agness aliuliza, akipangusa jasho, "baba mkubwa mlionana wapi?"

Tangu msiba hakuna aliyekuwa amemwuliza habari ya Kalisti. Walikuwa wanaogopa kumliza.

"Mamba, kwa baba yangu," alisema. "Alileta jembe kutengenezwa. Baba akaligeuza, akaligeuza, akamwuliza kijana, hili limevunjika wapi? Akasema, baba, tazama tena. Baba akatazama tena. Lilikuwa zima kabisa."

Agness alianza kucheka.

"Akasema basi atarudi wiki ijayo, pengine litakuwa limevunjika," Mektrida aliendelea. "Na akarudi. Ngoja, tia kuni kidogo hapo, nikueleze alivyokuwa amevaa."