Nakhungu na Kompyuta ya Ndani

Nakhungu alikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji ardhi ya Mzee Walubengo, ghorofa ya pili, barabara ya kwenda Kibuye. Alianza kazi hiyo enzi za kalamu ya wino na rula ndefu, na mwaka huo alikuwa amechoka uchovu usioondoka kwa usingizi. Magoti yalimuuma kwenye ngazi. Kanisa la jirani yake kule Manyatta lilikesha na spika zake, naye akakesha nalo bila kutaka. Tena ofisini alikuwa akifanya kazi ya watu wawili pasipo mtu kujua.

Mtu wa pili alikuwa Mzee mwenyewe. Walubengo alitoka Bungoma akiwa kijana, akapima mashamba ya miwa ya Muhoroni hata wenye mashamba wakawa wanamwita shahidi wao. Sasa alikuwa ameanza kusahau. Mara alichora mpaka, mstari ukapita katikati ya boma la mtu. Mara aliliandikia jiwe moja la mpaka nambari mbili. Jioni, Mzee akishateremka, Nakhungu alifungua michoro yake na kuinyoosha kabla Mark hajaiona. Mark ndiye mshirika wa Mzee, mpimaji kijana, na sahihi yake ndiyo iliyokuwa ikienda kwa wateja. Nakhungu alianza kwa huruma. Baadaye ikawa tu sehemu ya siku, kama kufunga madirisha.

Kisha kompyuta ya ofisi ikaanza kukwaruza ndani kama panya kwenye dari. Mark alisikia mlio ule akiwa mlangoni, buti zimejaa matope.

"Hiyo inakufa," alisema. "Mama, tafuta fundi, mchague ingine. Wewe ndiye unakaa nayo. Mimi kesho niko Bondo."

Fundi aliyekuja aliitwa Apiyo, mwanamke mcheshi mwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Alivuta kiti, akaikagua ile ya zamani, akatikisa kichwa.

"Ai, Mama. Hapa michoro yote ya ofisi iko kwa diski moja, na hiyo diski imezeeka. Ikikufa, mmekufa nayo."

"Sasa nifanye nini?"

"Mpya tutaweka diski ndogo ya SSD, ile ya haraka, ya kuwasha mashine na kuendesha programu. Halafu michoro tunaweka kwa diski mbili kubwa. Ukiandika kwa moja, na ile ingine inaandika hivyo hivyo. Moja ikiharibika, ingine imebaki."

"Basi nitakuwa salama."

"Nusu salama. Ukifuta kitu kwa makosa, kitafutwa kote kuwili. Kwa hivyo lazima uwe na nakala nje, kwa diski ya kubeba. Na stima ya hapa unaijua, inapotea ovyo."

Nakhungu aliijua. Alikubali yote hayo bila kubishana. Kuchagua diski kulikuwa kama kuchagua sufuria. Ugumu ulikuja Apiyo alipogusa kidude cha plastiki kilichochomekwa nyuma ya mashine.

"Na hii?"

"Ni kifunguo cha programu ya zamani. Bila hicho haifunguki."

"Hiyo programu haiwezi kukaa kwa mashine mpya, Mama. Nani anaitumia?"

"Mzee peke yake."

"Na wewe?"

"Mimi na Mark tuko na ile mpya."

"Basi si muitupe?"

Nakhungu alikigusa kile kifunguo. Alikuwa amekwisha kumketisha Mzee mbele ya programu mpya, miezi ya nyuma. Mzee aliitazama skrini, akaweka mkono juu ya kipanya, akauondoa. "Nakhungu," alimwuliza kwa sauti ndogo, "hapa ni wapi?" Lakini kwenye ile ya zamani vidole vyake vilikimbia vyenyewe, hata siku ambazo jina la Mark lilimpotea. Kuitupa programu ile kulikuwa kumwambia mwenye ofisi abaki nyumbani. Angepumzika sana, alijua. Hangenyoosha tena mistari ya mtu jioni. Wazo hilo lilimjia tamu, akalionea haya.

"Hakuna njia ingine?" aliuliza.

"Iko. Natengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Mashine ni hii mpya, lakini ukifungua dirisha moja, ndani yake kuna ile ya zamani nzima, na programu yake. Lakini inakula memori, kwa hivyo tuongeze memori."

"Atakachoandika mle ndani kinaweza kugusa michoro ya nje?"

Apiyo alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ukitaka kiguse, kitagusa. Ukitaka kisiguse, naifunga. Naweza hata kuipiga kama picha leo, halafu kila asubuhi ikiwashwa inarudi vile ilikuwa kwa hiyo picha. Chochote amefanya jana, hakuna."

"Ifunge," Nakhungu alisema. "Na hiyo picha, iweke."

Mashine ilikuja. Kifunguo kilikataa kutambuliwa mle ndani, Apiyo akahangaika nacho hadi chai ya saa nne ikapoa, mwishowe kikakubali. Walimwekea Mzee nakala za mashamba ya zamani. Alipoketi na kuona skrini yake ya kijivu aliyoizoea, alicheka. "Mlisema inakufa!"

Kuanzia hapo Nakhungu alirudi nyumbani mapema. Mzee alichora, Mzee akaondoka, na asubuhi kila kitu kikawa kama hakikuchorwa. Alilichora shamba lile lile la Muhoroni siku baada ya siku, kwa bidii, akiimba chini kwa chini. Michoro ya kweli ilikaa nje, kwenye zile diski mbili, bila doa. Nakhungu alitarajia uchovu upungue. Haukupungua. Kila asubuhi alipowasha ile mashine aliona aibu kukutana na macho ya Mzee, akajikuta anakwenda dirishani kutazama soko.

Asubuhi moja ya mvua Mzee aliketi, akafungua shamba, akasogeza mchoro juu na chini.

"Nakhungu. Kazi yangu ya jana iko wapi?"

Angeweza kusema stima ilipotea. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amechoka mno kulibeba na hilo.

"Haiko, Mzee. Tuliiweka hivyo. Unachochora humo kinafutika usiku."

"Nani aliagiza?"

"Mimi."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa tai yake polepole. "Kwa sababu nakosea."

"Ndiyo, Mzee."

"Sana?"

"Siku zingine, sana."

Mvua iligonga mabati ya jengo la jirani. Nakhungu alingoja afokewe, na alikuwa radhi afukuzwe kazi.

"Na mipaka ya watu?" Mzee aliuliza.

"Iko salama. Makosa yako hayajafika kwa mtu yeyote."

Mzee alishusha pumzi. "Afadhali. Mtu akipoteza shamba kwa mstari wangu, sitazikwa vizuri." Akavaa miwani. "Lakini usinifutie tena. Niachie makosa yangu niyaone. Nikifutiwa kila siku, nitajuaje nimefika wapi?"

Apiyo akaja, akaondoa ile picha, lile dirisha la kompyuta likabaki limefungwa lisiguse michoro ya nje. Wiki hiyo Mzee alimwita Mark na kumwambia kwa kinywa chake kwamba kazi za ofisi zisipitie tena mkononi mwake. Mark alikuwa na maneno mengi siku zote. Siku hiyo alishika tu mkono wa Mzee. Halafu akamgeukia Nakhungu kwa hasira kidogo. "Mama, kwa nini hukuniambia?" Nakhungu akasema hajui, na ilikuwa kweli.

Mzee aliendelea kuja siku ambazo miguu ilikubali. Alifungua alichochora jana, akakitazama. Mara nyingine alitabasamu. Mara nyingine aliita, "Nani amechora takataka hii?"

"Ni wewe, Mzee," Nakhungu alijibu kutoka mezani kwake, bila kuinua kichwa, na Mzee akasema, "Ah," akaanza kunyoosha mstari.