Vidole vya Dani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki: siku niliyosafiri kwenda Kisumu na Dani wangu, yeye na chungu kichwani, mimi na hasira kifuani. Dani ni nyanya, kwa lugha yetu. Ndiye aliyenilea pale Pap Onditi, akifinyanga vyungu na kuviuza sokoni. Keti nikusimulie, maana nimesikia umemnunia rafiki yako na hutaki hata kupokea simu yake.

Nilikuwa na rafiki, Akoth. Tulikuwa chanda na pete. Miaka ile ya sitini akapata nafasi katika chuo cha ualimu Kisumu, mimi nikabaki nyumbani. Siku ya kuagana tukapatana: kila jioni kila mmoja achore kitu kimoja alichokiona siku hiyo, na Jumamosi atie michoro ya wiki kwenye bahasha, amtumie mwenzake. Mimi nilimchorea kuku wetu, jembe lililovunjika mpini, mwuza mboga aliyesinzia sokoni. Yeye alinichorea meli bandarini, kitanda chake cha chuma, mpishi wa chuo na tumbo lake. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa michoro ile nilimwona kila siku kana kwamba anaishi nyumba ya pili. Yawa, nilimpenda yule msichana!

Basi chuoni wakamfundisha kusahihisha. Akaanza kunirudishia michoro yangu na kalamu nyekundu: "Miguu ya ng'ombe mifupi mno. Tano kwa kumi." Na ng'ombe wetu alikuwa mfupi kweli, Mungu ni shahidi! Nikacheka, nikaendelea kuchora. Kisha nikachora mikono ya Dani ikifinyanga. Nilichora polepole, kwa sababu alikuwa ameanza kukohoa na nilikuwa na hofu. Mchoro ukarudi: "Vidole vimepinda. Angalia vizuri. Tatu kwa kumi."

Mwanangu, niliumia. Vidole vya Dani vilikuwa vimepinda kweli, kwa udongo na kwa uzee, na ndivyo vilivyonilisha. Nikaapa sitachora tena. Barua za Akoth zikaja, nikazisukuma chini ya mkeka bila kuzifungua. Dani akazikuta alipokuwa anafagia.

"Huyu mtoto amekukosea nini?"

Nikamwonyesha ule mchoro, nikamsomea maneno, maana hakujua kusoma. Akavitazama vidole vyake, akavitazama vya kwenye karatasi, akacheka hadi akakohoa. "Si amesema kweli? Vimepinda!" Kisha akaniuliza, "Umemwambia umeumia?"

"Hapana, Dani. Angejua mwenyewe."

"Ajulie wapi? Umemshtaki, umemhukumu, umemfunga, na mwenyewe hajui kama ana kesi." Akachukua chungu, akakipiga kwa kidole, kikalia vizuri. "Chungu nikikishuku kina ufa, sikitupi. Nakipiga hivi kwanza, nisikie. Kesho tunaenda Kisumu, tumsikie Akoth naye."

Akoth alitoka langoni mwa chuo akikimbia na kucheka. Mimi nikatazama chini. Dani akatua chungu chake, akanyoosha mkono wa salamu, na Akoth akaupokea kwa mikono miwili, vile tulivyofundishwa kumsalimia mzee. Hakuuachia. Akavipapasa vile vidole kimoja kimoja, na kicheko kikamwisha.

"Dani," akasema, "kumbe ndivyo vilivyo. Miaka yote nilikusalimia bila kuvitazama."

"Ndivyo. Haya, hesabu alama upya, mwalimu."

Akoth akaangua kilio. Akanigeukia: "Mbona hukuniambia? Kila Jumamosi naenda posta, nadhani umekufa!" Nami nikalia. Tukashikana pale langoni mpaka askari wa lango akaona haya, akatazama kando.

Tukashuka ziwani kula samaki. Akoth akaniomba ile karatasi ya mchoro, niliyokuja nayo, akaigeuza, na nyuma yake akachora mikono ya Dani ikichambua miba. Kila kidole akakipinda kama kilivyopinda.

Dani hakuumaliza mwaka. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Karatasi ile ndiyo picha yake pekee tuliyo nayo: upande huu mikono yake nilivyoiona mimi, upande ule alivyoiona Akoth, na ile tatu kwa kumi hatukuifuta. Hukaa kwangu mwaka mmoja, mwaka unaofuata naipeleka kwake Port Victoria alikoolewa. Na bado tunachoreana kila jioni, ila siku hizi vidole vilivyopinda ni vyetu sisi.

Sasa sikiliza. Ningeziacha barua zile chini ya mkeka, ningempoteza Akoth, na upande wa pili wa karatasi ungebaki mtupu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Rafiki akikuumiza, mwambie umeumia, umwambie mapema, kisha umpe nafasi ya kujibu. Na mtu akikusahihisha vibaya, usiitupe kazi ya mkono wako kwa sababu ya wino wake. Simu yako hiyo inalia tena. Ni yeye, eti? Ipokee, mwanangu, mimi nitatoka nje.

Mungu akupe rafiki wa kukuambia ukweli, na akupe mdomo wa kumwambia wako. Mikono yako ifanye kazi mpaka izeeke, na siku hiyo asikosekane mtu wa kuipokea kwa mikono miwili.