Wahakiki wa Ghorofa ya Saba

Wewe umewahi kusikiliza albamu nzima, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kabla ya kuitolea maoni? Usijibu. Wahakiki wa Nairobi hawajawahi kulijibu swali hilo, na hiyo ndiyo kazi yao.

Nashon Opondo hutengeneza spika Kawangware, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara inayoelekea Riruta. Makanisa humletea spika zilizopasuka kwa kukemea mapepo, naye huzirudisha zikiwa na nguvu ya kukemea zaidi. Jioni hurudi Soweto West, Kibera, kwa mkewe Seline na binti yao Whitney. Yeye na mpiga ngoma wake, Mutiso, walitumia miaka miwili kurekodi nyimbo nane za roki nzito, zenye gitaa la bluzi linalokokota miguu kama mtu anayetoka mochari.

Albamu waliiita Ghorofa ya Saba, kwa sababu nyepesi kabisa: baba yake Nashon, Mzee Opondo, alianguka kutoka ghorofa ya saba ya jumba alilokuwa akilijenga, akafa. Miti ya jukwaa aliyosimamia ilikuwa imefungwa kwa kamba kuukuu. Mwenye jumba, kwa ukarimu mkubwa, alitoa gari la kupeleka maiti nyumbani kule ziwani kesho yake tu, kabla mtu yeyote hajauliza swali. Kibera hapakukaliwa matanga. Sasa Nashon alitaka jambo moja tu: watu wajue jinsi baba yake alivyokufa. Jina la mzee lilikuwa ndani ya kila wimbo. Mtu angehitaji bidii kulikosa.

Wahakiki walikuwa na bidii.

Mutiso alifika kibandani siku ya Ijumaa, simu mkononi.

"Buda, tumeandikwa. Keti kwanza."

"Wewe soma."

Mutiso akasoma. Mhakiki mmoja aitwaye Yvonne, wa jarida la mtandaoni, alisema albamu ile ni "giza tamu linalonukia mabati na mvua". Ghorofa ya saba, alifafanua, ni kilindi cha mwisho cha nafsi ya mwanamume wa mjini. Wa pili aliipa alama saba kwa kumi, akakumbusha kwamba kuna Wazungu waliofanya hayo hayo vizuri zaidi wakati Nashon alikuwa bado ananyonya. Wa tatu alisifu mkwaruzo unaosikika katika wimbo wa pili, akauita ujasiri wa kisanaa.

"Hiyo ni ile spika ya kanisa ilikuwa imepasuka," Nashon alisema.

"Si unyamaze tu. Sasa ni ujasiri."

"Na mzee? Wamesema nini juu ya mzee?"

Mutiso alipandisha kidole kwenye skrini, akakishusha, akakipandisha tena. "Huyu Yvonne anasema Opondo ni ishara ya… ngoja… ya baba ambaye hayupo."

"Hayupo kwa sababu alianguka."

"Hiyo hajaandika."

"Wimbo wa tano unasema mpaka kamba ilikuwa ya aina gani."

"Nadhani aliishia wa tatu."

Nashon hakula chakula cha mchana siku hiyo. Elimu ni kitu kizuri kwa kweli: humwezesha mtu kumsikia mwenzake akilia, akauliza hilo gitaa ni la kampuni gani.

Jumapili alasiri, watu walipokwisha kutoka kanisani, alitoa spika mbili mlangoni kwake, akazipandisha juu ya kreti za soda.

"Leo watasikia wapende wasipende," alimwambia Seline.

"Watasema tumeleta disko."

Hawakusema disko. Mtaani kwao, spika ikitolewa nje, gitaa likaenda polepole, na mwanamume akaanza kumwita baba yake kwa jina, hakuna anayesubiri tangazo la msiba. Wimbo wa pili haujaisha, Mama Nzembi, jirani wa mlango wa tatu, akafika na leso kiunoni, amebeba sukari na majani chai. Nyuma yake vijana walikuja na mabenchi ya kanisa. Mtu alileta sufuria kubwa. Mwingine alishaanza kutafuta pa kufungia turubai.

"Pole sana, Baba Whitney," alisema Mama Nzembi. "Lakini mnakaa aje na msiba kimya kimya? Kwani sisi ni maadui?"

"Hakuna msiba, Mama Nzembi. Hii ni albamu."

"Ni nini?"

"Nyimbo. Nimeimba mwenyewe."

"Na huyo Opondo unalilia, ni mzima?"

"Hapana. Alikufa. Miaka minne sasa. Walimpeleka ziwani kesho yake tu."

Mama Nzembi alimtazama Seline, kisha akaitazama sukari yake. "Na hatukumkalia matanga," alisema. "Alibebwa tu kama mzigo. Nyinyi vijana, wekeni hizo benchi. Na wewe anza tena, huko mwanzo sikusikia."

Wakaketi. Hakuna aliyekuwa na habari kwamba ile ni roki nzito, kwa hiyo waliweza kuisikiliza. Kila wimbo ulipoisha walisema "pole" kwa pamoja. Mama Nzembi alilalamika kwamba ngoma za Mutiso zinamgonga kifua, lakini hakuondoka. Mzee mmoja alisema waziwazi kwamba Nashon hana sauti.

"Kweli hana," Mama Nzembi alikubali. "Lakini si ni baba yake? Unataka aimbiwe na nani?"

Baada ya wimbo wa tano, Kimanzi, fundi wa mjengo aliyekuwa ameegemea ukuta na kikombe cha chai, aliinua mkono.

"Rudisha hiyo."

"Umeipenda?"

"Kupenda nini? Rudisha hapo kwa kamba."

Nashon akarudisha. Kimanzi alisikiliza akitazama chini.

"Ilikuwa ya katani?"

"Ya katani. Ilikuwa imenyeshewa wiki nzima."

"Na mnyapara alijua?"

"Mzee alimwambia asubuhi. Akajibiwa kama anaogopa aende nyumbani, watu wamejaa kwa geti."

Kimanzi alimaliza chai yake, akarudisha kikombe, akaondoka.

Jumatatu asubuhi Nashon alipitia mtaa wa Olympic akienda kazini kwa miguu. Alipovuka Barabara ya Ngong alikuta jumba linalojengwa limenyamaza. Vibarua wote walikuwa wamesimama chini. Mnyapara alikuwa akifoka, akiwaonyesha kwa kidole wanaume waliokuwa wakisubiri kazi zao nje ya lango. Hakuna hata mmoja wao aliyeingia. Kimanzi alikuwa amechuchumaa chini ya jukwaa la miti, akikata kamba kuukuu za katani kwa kisu na kuzitupa kando. Mnyapara alimwita kwa jina, mara ya kwanza na ya pili. Kimanzi hakugeuka. Aliushika mti kwa mikono miwili, akautikisa, ukayumba mpaka juu, kisha akawaita wenzake waje wamsaidie kuushusha.