Urithi wa Mgeni

Mama yangu alikuwa Mgogo. Wazazi wake walitoka Kintinku wakati wa njaa iliyofuata vita vya Wajerumani na Waingereza, wakapanda na watoto wao hadi Iramba kutafuta chakula. Mama alikulia huku, na baba, mzaliwa wa huku, akamwoa kijijini Misigiri. Akazaa mabinti watatu, mimi nikiwa wa kwanza. Baba alipofariki, matanga hayajaanuliwa, mdogo wake alikuja kumwambia mama kwamba shamba la bondeni si lake tena.

"Wewe ni mgeni, shemeji," alisema. "Na huna mtoto wa kiume. Mgeni harithi."

Baba mdogo huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa kanisa letu. Ndiye aliyenifundisha kusali.

Mama akapeleka malalamiko kwenye baraza la mtemi. Siku zile Waingereza walikuwa wamewaachia watemi kesi za namna hiyo. Wazee walimsikiliza kwa heshima zote, kisha wakasema hiyo ndiyo mila. Tukarudi nyumbani. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaposwa, na nilitamani kumpiga mtu.

Jumapili moja, mvua zikikaribia, baba mdogo alihubiri habari za manabii wa Waebrania. Alijua kuhubiri, hilo simnyimi. Alieleza jinsi taifa lile lilivyonyang'anywa nchi yake na kupelekwa utumwani, na jinsi nabii mmoja, akiwa kulekule ugenini, alivyoonyeshwa nchi ikigawanywa upya, kila kabila na fungu lake. Hata mgeni, akasema, mgeni aliyezaa watoto kati yao, Mungu aliagiza apewe urithi kama mzaliwa. Hapo akafuta machozi. Machozi! Mtu yule!

Mama akasimama upande wa wanawake.

"Shemeji, mgeni huyo alipewa shamba au alipewa maneno?"

"Keti, mama. Hayo yaliwahusu Waisraeli."

"Basi mbona unatuhubiria sisi?"

Baba mdogo akaanzisha wimbo haraka. Wanawake hawakuupokea, hata mmoja. Sauti za wanaume zikajikokota peke yao, zikafa kabla ya ubeti wa pili.

Kesho yake mama alichukua jembe akaenda bondeni, nasi mabinti nyuma yake. Jua lilipochomoza, wanawake wa kanisani wakaanza kufika na majembe yao, hata wale ambao hawakuwahi kutusalimia vizuri. Baba mdogo akaja na wanawe na fimbo. Alisimama pembeni mwa shamba akitutazama. Angempiga nani, wake za wazee wenzake? Akaondoka.

Wazee wa kanisa wakamwita, maana ugomvi sasa ulikuwa umeingia majumbani mwao. Wakaamua mama apewe nusu. Nusu yenyewe ilikuwa ile ya juu, yenye mawe. Ya chini, yenye unyevu hata kiangazi, akabaki nayo baba mdogo. Kisha akatangaza madhabahuni kwamba amemsaidia mjane. Nilitoka nje kabla hajamaliza.

Mama alilima uwele juu ya mawe yale mpaka alipozeeka, na mdogo wangu analima hapo hadi leo. Baba mdogo alipokufa, walimsifu kwa ukarimu wake, wakaniomba nami niseme neno kama binti wa nyumba. Nilikataa.